Rukwa yauza maporomoko, fedha yalala njiani

Msimu wa mahindi ukipamba moto, kupata kitanda Sumbawanga mjini ni kazi. Wanunuzi wa nafaka hujaa kwenye gesti, malori hupanga foleni kwenye maghala na mama lishe huongeza sufuria. Mahindi yakishaondoka, vitanda hubaki vile vile na majiko yale yale, ila wateja hawapo. Aliyejenga nyumba ya kulala wageni ya vyumba kumi kwa fedha ya mazao huanza kuhesabu miezi hadi mavuno mengine.

Ndiyo sababu neno utalii likitajwa mkoani Rukwa masikio husimama, na jibu linalotolewa huwa moja tu: Kalambo. Jibu hilo lina haki yake. Maporomoko hayo, yaliyo mpakani mwa Tanzania na Zambia, humwaga maji zaidi ya mita 220 kwa anguko moja, mara mbili ya yale ya Victoria yenye mita 108. Upande wa Tanzania yako mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Barabara ya kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga, zaidi ya kilomita 100, imewekwa lami. Mwenye akiba ya milioni chache akiuliza aiweke wapi, ataambiwa awahi kiwanja karibu na maporomoko kabla wenye fedha nyingi hawajafika.

Ushauri huo unampeleka pabaya. Maporomoko ni bidhaa ya saa mbili. Mgeni hufika kwa gari asubuhi, hutazama, hupiga picha, hula alichobeba kwenye boksi, na jioni yuko mjini. Kadiri barabara inavyokuwa nzuri ndivyo anavyokaa kidogo. Lami ile ile iliyomleta ndiyo inayomwondoa kabla hajaagiza chakula cha usiku. Atakayejenga vyumba pale atakuwa anangoja mtu ambaye hana sababu ya kulala.

Katika biashara ya kutembeza watu, fedha huingia kwa kuhesabu usiku. Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, kundi la watu 6 ambapo kila mmoja anatumia sh. 40,000 kwa siku kwa kitanda, chakula na mwongozaji. Kundi likienda Kalambo na kurudi, mkoa unabaki na sh. 240,000. Kundi hilo hilo likitembea kwa miguu siku nne, likilala kila siku mahali pengine, linaacha sh. 960,000, na fedha hiyo imegawanyika kwa kaya na vijiji vinne. Gharama ya kulitafuta kundi na kulifikisha Sumbawanga, ambayo ndiyo inayowashinda wengi, ni ile ile kwa safari zote mbili.

Swali la soko basi ni kitu gani kinachomfanya mtu mwenye miguu na akili timamu akubali kulala mara ya pili, ya tatu na ya nne. Jibu linajulikana kwa kila anayeuza safari za namna hii: ni mahali pa kutazamia mandhari, na ni mchepuko.

Neno hilo la pili limeharibiwa jina mjini. Miaka ya 2010 matangazo ya afya yaliwasihi wananchi wabaki njia kuu na kuachana na michepuko, na tangu hapo mtu mzima hulitamka huku akitazama pembeni. Kwa anayetembea milimani maana yake ni safi: ni njia ndogo inayotoka kwenye njia kuu, inampeleka mtu kwenye ziwa, jiwe, pango au ukingo wa kutazama mbali, kisha inamrudisha kambini. Huko mchepuko ndio unaolipa.

Kilimanjaro wameyajua haya siku nyingi. Njia ya Marangu inaweza kutembewa kwa siku 5. Wengi huuziwa siku 6, na siku ya ziada hulala mara ya pili Horombo, mita 3,720, ili mwili uzoee hewa ya juu. Mtu hawezi kuambiwa akae kwenye kibanda mchana kutwa akivuta hewa, kwa hiyo hupelekwa hadi Zebra Rocks, miamba yenye mistari myeupe na myeusi, kisha hurudishwa kula. Kwa kuwa ada za hifadhi ile hutozwa kwa siku, miamba hiyo inaingiza fedha kila msimu bila kuhitaji hata bati moja la kuezekea. Siku ya kwanza, karibu na Mandara, kuna kreta ya Maundi, matembezi ya muda mfupi baada ya chai. Kwenye Mlima Meru ipo Meru Ndogo, ambako wageni hupanda alasiri baada ya kutua mizigo katika kibanda cha Saddle. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mtu angefunga safari kutoka Ulaya kukifuata. Vyote vinauzwa kwa sababu mteja tayari yuko pale na ana saa tatu za kujaza.

Mfano unaofanana zaidi na Ufipa, hata hivyo, uko Lushoto. Usambara haina theluji wala simba wa kumwonyesha mgeni. Ina vijiji, misitu na kingo za kutazamia: Irente karibu na mji, na Mtae mwishoni kabisa, ambako mlima unakatika na tambarare za Mkomazi zinaonekana chini. Katikati ya miaka ya 1990, mpango wa utalii wa kitamaduni uliosaidiwa na shirika la Kiholanzi la SNV uliwafundisha vijana wa maeneo kama hayo kuuza matembezi. Waliichukua Irente na Mtae wakafanya ya kwanza kuwa mwanzo na ya pili kuwa mwisho, na nafasi ya katikati wakaijaza siku. Mgeni hulala njiani, pakiwemo kwa masista wa Rangwi, hula vyakula vya huko, na humlipa mwongozaji kwa siku. Angepelekwa Mtae kwa gari, angerudi jioni.

Kingo mbili, uwanda mmoja

Ufipa ina kitu ambacho Lushoto haina: kingo mbili. Uwanda huu umeinuliwa kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa. Mashariki liko Ziwa Rukwa, takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi. Sumbawanga iko karibu mita 1,800, na milima ya Mbizi iliyo jirani na mji inapita mita 2,400. Anayesimama kwenye ukingo wa mashariki anatazama chini zaidi ya kilomita moja na nusu. Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson aliliona ziwa hilo kutoka juu ya ukingo, akalipa jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Jina lilikufa, mandhari yako pale pale, na hadi leo hayajauzwa ipasavyo.

Kutoka Sumbawanga hadi Kasanga, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 75 hivi. Ukiongeza mizunguko ya njia za vijijini na siku ya kwanza ya kupanda Mbizi, inapatikana safari ya siku tano au sita kutoka ukingo hadi ukingo, ikianza na ziwa moja na kuishia kwenye jingine. Kalambo inakaa mwisho, mahali pake panapostahili, kama pilau inayoletwa baada ya wageni kukaa. Kuiweka mwanzo ni kuwapa watu mikono ya kwaheri.

Siku ya kwanza ni Mbizi. Msitu wake uko chini ya TFS kama hifadhi ya mazingira asilia, na ndani yake wanaishi mbega wekundu, wanyama ambao wapenda nyani duniani husafiri mbali kuwaona. Kulala juu huko, au kwenye kijiji cha pembeni, kunampa mgeni machweo upande mmoja na mapambazuko juu ya Rukwa upande wa pili. Mchepuko wake unajitokeza wenyewe: kushuka ukingo hadi Muze na Bonde la Rukwa, kwenye joto, mpunga na samaki. Kushuka kwa miguu kunapendeza. Kupanda siku hiyo hiyo ni adhabu. Mwenye gari atakayekubaliana na kundi kulirudisha juu jioni anauza tiketi ambayo mteja mwenyewe atabembeleza kuinunua. Mahesabu ya usafiri wa bonde hufanywa kwa magunia na matenga. Watu sita waliochoka ni mzigo mwepesi na hauozi.

Siku za katikati ndizo zinazodharauliwa, na ndizo zenye fursa kwa mtu wa mtaji mdogo. Uwanda ni nyasi, mabonde mapana na mashamba. Mfipa hulima kwa ntumba, yaani matuta ya mviringo ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zioze na kurutubisha udongo, na yakitazamwa kutoka kilimani hufunika mteremko mzima kama mayai kwenye trei. Wataalamu wa kilimo wameandika juu ya ntumba. Waongozaji wachache ndio wanaowaonyesha wageni. Vivyo hivyo matanuru ya kuyeyushia chuma. Wafipa walijenga matanuru ya udongo marefu kumpita mtu, yaliyojivutia hewa yenyewe bila mivukuto, na kazi hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Mabaki yake yametapakaa, hasa upande wa Nkasi. Kijana anayejua tanuru lililo nusu saa kutoka kwenye njia yake, na anayeweza kueleza lilivyofanya kazi, ana mtaji ambao benki haiwezi kumkopesha wala kumnyang'anya.

Kisha uwanda unakatika tena, na Tanganyika iko chini. Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, ina magofu ya boma lao, ina bandari na ina migebuka. Kutoka hapo hadi Kalambo ni siku nyingine ya kutembea. Aliyefika kwa miguu atalala jirani na maporomoko, kwa sababu miguu imekataa. Hapo ndipo kitanda cha Kalambo kinapopata mteja, akiwa ameletwa na vitanda vinne vilivyomtangulia.

Wazambia nao hawajalala. Mabaki ya kale ya Kalambo, ambayo mwanaakiolojia J. Desmond Clark alianza kuyachunguza mwaka 1953, yako upande wao. Septemba 2023 jarida la Nature lilichapisha habari za magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yenye umri usiopungua miaka 476,000, na dunia ikasoma jina la Kalambo likiambatana na Zambia. Hilo halina hasara kwa Sumbawanga iwapo kuna mtu wa kumpokea mgeni anayevukia Kasesya akiwa na siku tano mkononi. Asipokuwapo, atatazama maji kutoka ng'ambo ya pili na kurudi Mbala.

Nani aruhusiwe kuuza

Kwa mwenye mtaji mdogo wa Kitanzania, sheria imempa upendeleo ambao wengi hawaujui. Sheria ya Utalii ya 2008 iliiweka biashara ya kupandisha watu milimani na kuwatembeza, pamoja na kazi ya kuongoza watalii, katika orodha ya shughuli za Watanzania. Leseni ya TALA inahitajika, na kuingia katika misitu ya hifadhi kunahitaji kibali na ada za TFS. Wanaoona karatasi hizo ni usumbufu wakumbuke kwamba ndizo pia zinazomzuia mshindani mwenye ndege zake.

Ardhi ni habari nyingine. Kingo nyingi nzuri ziko ama ndani ya hifadhi ama kwenye ardhi ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi hiyo inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na kugawa ardhi ya pamoja kunapita kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mtu aliyenunuliwa soda na mwenyekiti kisha akaonyeshwa ukingo kwa kidole, akatoa fedha bila muhtasari wa mkutano, amenunua mandhari tu. Na hata angepata hati, kujenga juu ya ukingo wenyewe ni kuharibu alichokifuata: bati jekundu likishasimama pale, wanaokuja baadaye wanatazama bati. Nyumba ikae kijijini, nyuma kidogo, penye maji na njia, na ukingo ubaki wazi kwa wote.

Kuna pia kishawishi cha geti. Kila kijiji chenye mwamba mzuri kitafikiria kuweka kamba na kukata risiti. Irente wanatoza kiingilio, na hakuna ubaya kama kijiji kinapata chake. Lakini geti hulipwa mara moja, tena kwa manung'uniko. Mama anayeuza ugali wa ulezi na maharage hatua mia kutoka kwenye mwamba huo hulipwa kwa shukrani, na kesho yake huulizwa kama kuna asali. Mkokoteni wa ng'ombe unaobeba mabegi kwa njia ya chini wakati wenyewe wanapita kilimani hulipwa kwa siku. Mikokoteni Ufipa ipo tayari. Haihitaji kuagizwa Dubai.

Jambo ambalo wengi hawaliwekei hesabu ni moshi. Wageni wa ng'ambo huja zaidi Julai hadi Septemba, likizo zao zikiwa wazi. Kwenye uwanda huu ndipo nyasi zinapochomwa. Kadiri kiangazi kinavyosonga, ukungu wa moshi hutanda juu ya mabonde, na mtu aliyepanda siku nzima kuliona Ziwa Rukwa huishia kuona rangi ya kijivu. Kalambo nayo hupungua maji. Wakati bora ni mara mvua zinapokatika, Mei na Juni: hewa imesafishwa, nyasi bado zina ubichi, mto una nguvu. Usiku ni baridi kali, jambo ambalo muuza mablanketi hataliona kuwa kasoro. Anayeuza mandhari ya Ufipa kwa mwezi wa Septemba anauza kitu ambacho hatakuwa nacho ghalani siku ya kukabidhi.

Moto huo una hasara kubwa kuliko picha mbovu. Kila mwaka unaopenya kwenye kingo za msitu wa Mbizi unaumega, na msitu huo ndio unaohifadhi vyanzo vya maji kwa mji na kwa bonde. Hadi sasa anayezuia moto huzuia kwa amri ya ofisa wa misitu. Kijiji kinacholaza makundi mawili kwa mwezi kitakuwa na sababu yake chenyewe ya kumshika mkono anayewasha kiberiti. Hilo halijathibitishwa Ufipa, kwa kuwa halijajaribiwa kwa kiasi cha kutosha. Lakini hakuna amri iliyoonekana kufanya kazi vizuri zaidi.

Ipo hoja ya kweli upande wa pili: wateja wako wapi? Rukwa ni mbali. Kutoka Mbeya ni kama kilomita 330, ingawa kipande cha Tunduma hadi Sumbawanga sasa ni lami, kikiwa kimejengwa katika mpango wa Changamoto za Milenia wa Marekani wa 2008 hadi 2013. Ndege za watalii haziji kwa mkumbo, na mwenye kukopa ili ajenge kwa kuwategemea Wazungu peke yao atauza nyumba kabla ya kupokea kundi la kumi. Soko la kuanzia liko karibu zaidi. Vikundi vya vijana wa mjini wanaotembea milimani mwishoni mwa wiki vimekuwa vingi nchini, na wa Mbeya wameshazoea kupanda Ngozi. Kuna wanafunzi, kwaya za parokia, watumishi wanaohamishiwa mkoani na kukaa miaka mitatu bila kuuona ukingo wa Rukwa. Hawa hawatalipa dola. Watalipa shilingi, watakuja na wenzao, na watavumilia makosa ya mwanzo ambayo mgeni wa mbali angeyaandika dunia nzima ikasoma.

Kwa hiyo mtaji wa kwanza ni mdogo kuliko bei ya kiwanja. Ni mahema machache, mablanketi mazito, makubaliano ya maandishi na vijiji vitatu au vinne, kijana mmoja kwa kila kipande anayejua michepuko yake, na mtu wa kuitembea njia yote kabla ya kuitangaza, akiandika saa na mahali pa maji. Mwenye gesti Sumbawanga ndiye aliye karibu zaidi na kazi hiyo, maana usiku wa kwanza wa safari ni wake kwa hali yoyote. Wiki za katikati ya Mei zinamfaa kwa jaribio: mvua zimekwisha, anga ni jeupe, na wanunuzi wa mahindi hawajaanza kugombea vyumba.